Somo la Lugha: Kutaja Sababu kwa Kiingereza

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Hata hivyo, wapo wanaoandika maelezo yao kwa Kiingereza; kwao tunatoa somo hili fupi.

Neno "because" hutaja sababu tu, yaani "kwa sababu". Neno "since" lina maana mbili: "kwa kuwa" na "tangu". Vivyo hivyo "as" huweza kuwa "kwa kuwa" au "wakati".

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Rusumo anayeandika: "I left the bag as the officer was calling me." Je, aliuacha mkoba kwa sababu afisa alimwita, au wakati afisa alipokuwa akimwita? Maana ya kwanza inatoa udhuru. Ya pili inataja saa tu, na msomaji aweza kumshuku.

Kwa hiyo tunashauri: unapoeleza sababu, andika "because", unapotaja wakati, andika "when" au "while". Usipokuwa na hakika, eleza kwa Kiswahili. Na kabla ya kutia sahihi, omba usomewe maelezo yako.