Kutoka Tsotsi hadi David: jina, usemi na wongofu katika filamu

Katika idara za lugha tunachambua riwaya, tamthilia na hadithi simulizi. Filamu tunaiachia jioni ya Jumamosi. Lakini filamu nayo ni matini. Ina watu wanaoitana, wanaoamrishana, wanaonyamaziana. Somo hili linachukua filamu ya Afrika Kusini iitwayo Tsotsi, iliyoongozwa na Gavin Hood mwaka 2005 na kupata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2006. Swali letu ni moja: mtu anapobadilika, lugha inatuonyesha wapi mabadiliko hayo?

1. Kisa kwa ufupi

Tsotsi, anayeigizwa na Presley Chweneyagae, ni kijana anayeongoza genge la watu wanne katika mtaa wa mabanda huko Johannesburg. Ndani ya treni, genge hilo linamwua mtu kwa ajili ya pesa zake. Usiku uleule Boston, mwenzao aliyewahi kusomea ualimu, anamsumbua Tsotsi kwa maswali: jina lako halisi ni lipi? Wazazi wako wako wapi? Tsotsi anampiga vibaya sana, kisha anakimbia. Mbele ya nyumba ya kitajiri anampiga risasi mama mmoja, Pumla Dube, na kuondoka na gari lake. Njiani anasikia kilio: kwenye kiti cha nyuma kuna mtoto mchanga.

Anamtia mtoto katika mfuko wa karatasi na kumpeleka bandani kwake. Hajui kumlisha, nepi anamtengenezea kwa magazeti. Mwishowe anamfuata Miriam, mama kijana mwenye mtoto wa kunyonya, na kumlazimisha kwa bastola amnyonyeshe na huyu. Siku chache baadaye, yeye mwenyewe anamrudisha mtoto kwa wazazi wake.

2. Jina lisilo jina

Neno tsotsi maana yake ni mhuni, mnyang'anyi wa mjini. Ndilo tunaloliona pia katika Tsotsitaal, lugha ya vijana wa miji ya Afrika Kusini: taal ni neno la Kiafrikaans lenye maana ya lugha. Katika Kizulu husemwa utsotsi, na wingi wake otsotsi. Mwanaisimu ataitambua mara moja ngeli ya 1a/2a, yaani ngeli ileile inayobeba majina ya watu na ya ukoo, kama ubaba. Kwa hiyo sarufi yenyewe imeacha mlango wazi: neno la kumshtaki mtu linaingia na kuketi mahali pa jina lake, wala halihitaji kubadili vazi.

Tutazame na wenzake. Aap ni neno la Kiafrikaans lenye maana ya nyani. Butcher, kwa Kiingereza, ni mchinjaji. Boston ni jina la mji. Katika genge zima hakuna anayeitwa kwa jina alilopewa na mama yake. Nje ya genge mambo ni tofauti: kuna Miriam, kuna John na Pumla Dube, kuna Morris, mlemavu anayeomba kwenye kituo cha treni. Hata huyo ombaomba ana jina.

Polepole filamu inatuonyesha utoto wa Tsotsi: mama mgonjwa kitandani, baba mkali anayempiga mbwa teke hadi kumvunja mgongo, mtoto anayetoroka na kuishi ndani ya mabomba ya saruji pamoja na watoto wengine. Mtoto huyo aliitwa David. Jina hilo tunalipata tena Miriam anapouliza jina la kichanga: Tsotsi anajibu kuwa anaitwa David. Hajarudi bado kwenye jina lake. Amelitoa tu mahali alipolificha na kumvika mwingine.

3. Kutoka amri hadi msamaha

Mwanzoni Tsotsi haongei sana, na akiongea anaamuru. Baadaye anamfuata Morris gizani na kumwuliza kwa nini anaendelea kuishi katika hali ile. Swali lenyewe ni la kikatili, lakini ni swali: anayeuliza amekubali kwamba mwenzake ana kitu ambacho yeye hana. Kisha anamchukua Boston nyumbani kwake na kumwahidi kwamba pesa za mtihani wake wa ualimu zitapatikana. Mwishowe anamwomba Boston msamaha.

Amri, swali, ahadi, msamaha: hiyo ndiyo ngazi. Mwenye kuamuru hahitaji jibu. Mwenye kuahidi amejifunga mbele ya mwingine. Mwenye kuomba msamaha amejiweka mikononi mwake. Katika filamu hii hakuna mhubiri wala mahubiri. Mabadiliko yanasikika katika aina ya sentensi.

4. Tutumie kitenzi kipi?

Kiswahili kina viambishi vinavyotusaidia kufikiri. Tukisema David amekombolewa, kauli ya kutendwa inadai mtendaji: nani amemkomboa? Mtoto? Miriam? Tukisema amejirekebisha, kiambishi -ji- kinampa sifa zote yeye mwenyewe. Tukisema ameongoka, kauli ya kutendeka inaficha mtendaji, kana kwamba jambo limetokea lenyewe.

Hakuna hata kimoja kinachotosha. Miriam anakataa pesa zake na kumsihi amrudishe mtoto, lakini hawezi kumrudisha kwa niaba yake. Na yeye peke yake, bila Miriam, asingefika langoni. Nadhani kitenzi kinachofaa ni kurudisha, chenye kiambishi cha usababishi. David anarudi kwa kurudisha.

Pia tusiharakishe kusema amesamehewa. Pumla yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mtu wa kwenye treni amekufa. Filamu inaishia pale polisi wameshika bunduki, John Dube amewasihi wazishushe, mtoto amepokelewa, na kijana ameinua mikono. Riwaya ya Athol Fugard iliyozaa filamu hii, iliyochapishwa mwaka 1980 na inayosimulia Sophiatown ya miaka ya 1950, inamwua kijana chini ya ukuta unaobomolewa akijaribu kumwokoa mtoto. Kifo humaliza deni upesi. Filamu imechagua njia ngumu zaidi: kumwacha hai, alipe.

5. Somo kwetu

Kinshasa watu husema shege. Goma na Bukavu husema maibobo. Haya ni majina ya watoto wa mtaani, na kama tsotsi, yanamtangulia mtoto kila aendako. Sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tunapenda sana lugha za vijana: Indubil, Sheng, Tsotsitaal. Tunakusanya neno, maana yake, ngeli yake, asili yake. Ni vizuri. Lakini katika daftari la utafiti tuongeze safu mbili: nani anaitwa hivyo, na yeye anajiitaje? Mtu asiyewahi kuulizwa jina lake atajibu kwa lile alilotupiwa.

Maswali ya kujadili

1. Orodhesha majina matano ya kuwataja vijana wa mtaani mjini kwako. Yanachukua upatanisho wa ngeli gani? Upatanisho huo unamheshimu au unamshusha mtu?

2. Tazama tena mikutano ya Tsotsi na Miriam. Hesabu amri na maswali ya kila mmoja. Uwiano unabadilika wapi?

3. Kati ya kukombolewa, kujirekebisha, kuongoka na kurudisha, ungechagua kipi kumwelezea David? Tetea jibu lako kwa tukio moja la filamu.