Mtumishi au Mtumwa? Wanandoa na Huduma Kanisani



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalisifu hadharani na kulinung'unikia chumbani: huduma ya mume au mke katika Kanisa. Ninapoandika ninawawaza hasa ninyi mnaoishi Mtopanga na vitongoji vya jirani huko Kisauni, Kiembeni, Bamburi na Mishomoroni, ambako watu hupanga vyumba, hununua maji kwa mitungi kutoka kwenye mkokoteni, na hurudi kutoka kazini usiku. Anayesoma ukurasa huu akiwa Likoni au Changamwe naye atajiona humu.

Chukua nyumba moja ya kawaida. Mume anafanya kazi hotelini ufukweni kwa zamu. Mke anakaanga viazi karai barabarani tangu alasiri. Jumatano kuna jumuiya. Alhamisi kuna mazoezi ya kwaya. Ijumaa, kama ni Kwaresima, kuna Njia ya Msalaba. Kama ni Mei au Oktoba, kuna Rozari nyumba kwa nyumba. Jumamosi ni zamu ya kufagia kanisa. Jumapili, baada ya Misa Takatifu, kuna mkutano wa kina mama wa CWA, na mkutano ule, kama mjuavyo, haujui saa. Mume akiwa na siku moja tu ya mapumziko katika juma, anaikuta nyumba haina mtu, watoto wamekunywa chai na mkate tangu adhuhuri. Anavumilia mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu anatoa neno ambalo likishatoka halirudi: "Basi nenda ukaolewe na Padre."

Geuza upande wa pili. Mume ni mwenyekiti wa jumuiya. Mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kufika wodini. Mtu akifiwa, ndiye anayekusanya michango. Simu yake ikilia anaitikia kwa sauti tamu, "Ndiyo, mpendwa!" Mkewe akimwuliza jambo la karo anajibiwa kwa mguno. Habari za mumewe anazipata kwa jirani. Siku ya sherehe ya parokia, mwenyekiti anaposifiwa mbele ya waamini wote, mama huyu anapiga makofi pamoja na wengine huku moyoni akisema, Laiti wangemjua.

Je, tuseme basi kwamba waliooa na kuolewa waache huduma, waiachie vijana na wazee waliostaafu? Hasha. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliita familia ya Kikristo kanisa la nyumbani. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya familia, aliitaja kazi ya kushiriki maisha na utume wa Kanisa miongoni mwa kazi nne za msingi za kila familia. Na huku kwetu Afrika Mashariki maaskofu wa AMECEA walikubaliana katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Jumuiya hukutana wapi? Nyumbani kwa watu, juu ya mikeka na viti vya kuazima. Wanandoa wakijitoa, jumuiya haina mahali pa kukaa.

Kuna fundisho moja ambalo wengi tulilipita haraka katika mafundisho ya ndoa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaziweka Sakramenti mbili katika fungu moja: Daraja Takatifu na Ndoa. Inaeleza, kwenye namba 1534, kwamba hizi mbili zimeelekezwa kwenye wokovu wa watu wengine. Ubatizo nilibatizwa mimi. Lakini padre hapewi daraja kwa faida yake, na wewe pia hukufunga ndoa kwa faida yako peke yako. Siku ile ulipoitamka ahadi mbele ya altare uliingia katika utumishi, na mtu wa kwanza uliyekabidhiwa umtumikie alikuwa amesimama kando yako amevaa nguo mpya. Kwa hiyo anayetoka kwenda kuhudumu akimwacha huyu wa kwanza ameumia hajaanza huduma mapema kuliko wengine. Ameruka hatua.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Kutokana na neno "tuma" tumepata mtume, utume na mtumishi. Na kutokana na neno lilo hilo tumepata mtumwa. Watu wa Kisauni wana sababu ya kulijua tofauti yake. Mahali panapoitwa Kengeleni, ambapo wengi wenu mnapita kila siku mkienda mjini kwa matatu, palipata jina kutokana na kengele ya Frere Town. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika biashara ya watumwa, na kengele ililia kuwaonya hatari ilipokaribia. Kiliitwa kwa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyekuja Unguja mwaka 1873 kudai soko la watumwa lifungwe. Fikiri juu ya watu wale. Kazi walizozifanya kijijini hazikuwa ngeni kwao: kulima, kuteka maji, kupika, kubeba. Mikono ilikuwa ile ile. Lakini sasa mtu alikuwa na nafasi ya kutoa mwenyewe kile ambacho zamani kilichukuliwa kwake kwa nguvu.

Ndiyo maana nawauliza waume: anayeitwa mtumishi nyumbani mwako ni mtumishi kweli, au ni mtumwa? Mwanamke anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anayepika, anayefua, anayeuza, anayerudi kupika tena, halafu anaambiwa hana ruhusa ya kwenda jumuiya kwa saa moja, hatumiki kwa upendo hata kama Maandiko yanasomwa nyumbani humo kila siku. Anatumikishwa. Mume asitumie maneno ya Mtakatifu Paulo juu ya utii akaacha yale yanayofuata papo hapo, yanayomtaka yeye ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Na huyu Kristo, usiku ule wa Alhamisi Kuu, alivua vazi lake akajifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu. Tazama pia kwamba alianza na wale waliokuwa chumbani pamoja naye.

Kama unadhani haya ni maneno ya kizungu yasiyofaa Afrika, msikie Mwenye Heri Benedict Daswa wa Limpopo, Afrika ya Kusini. Alizaliwa mwaka 1946, akawa mwalimu mkuu wa shule, katekista wa kujitolea, na baba wa watoto wanane. Mtu huyu alifua nguo za watoto na kumsaidia mkewe kazi za nyumbani, mahali ambapo mwanamume kufanya hivyo ilikuwa ni kuchekwa. Tarehe 2 Februari 1990 aliuawa kwa sababu alikataa kuchangia fedha za kumtafuta mchawi baada ya radi kupiga kijiji. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 2015. Mimi sioni kwamba kufua kule na kufa kule ni mambo mawili. Mwanamume aliyekwisha kuzoea kuchekwa na wenzake kwa ajili ya lililo jema hakuanza kujifunza ujasiri siku ile ya mwisho.

Tuna pia kielelezo cha mume na mke pamoja, nacho ni cha kale sana. Akila na Priskila walikuwa mafundi wa mahema. Walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakahamia Korintho, wakampokea Paulo nyumbani kwao wakafanya kazi pamoja naye kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Baadaye huko Efeso walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamweleza kwa utulivu yale aliyokuwa hajayaelewa. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Waamini walikusanyika nyumbani mwao. Agano Jipya linawataja mara sita, na kila mara wako wawili. Tena mara nyingi zaidi jina la mke limetangulia. Hawa walikuwa wahamiaji, watu wa kufanya kazi kwa mikono kama ninyi. Huduma yao haikuwatoa nyumbani. Iliwaleta watu nyumbani.

Kwa mke na mume wenye zamu na watoto wadogo, hiyo mara nyingi ndiyo njia iliyo rahisi zaidi: kuikaribisha jumuiya kwenu mara moja kwa muda fulani, chai ikawa ya rangi na mandazi yakawa machache. Msishindane na jirani aliyepika pilau. Jumuiya nyingi zimekufa kwa sababu ya pilau.

Tusisahau kwamba huduma ya Kanisa haiishii kwa Wakatoliki. Mlango wa pili huko Mtopanga pengine ni wa Mwislamu, na wa tatu ni wa Mpentekoste. Mtoto wake akiugua usiku, mume kumsindikiza hospitali ni huduma ya Kanisa ingawa hakuna katibu wa kuiandika. Mwezi Agosti 1997, fujo zilipozuka Likoni baada ya kituo cha polisi kushambuliwa usiku wa tarehe 13, watu waliofukuzwa makwao walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Watu wa namna hiyo huhitaji nini? Maji, uji, blanketi, mahali pa kujisitiri, na mtu wa kumshikia mama mtoto wake kidogo apate kulala. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji cheo. Na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa maana wale saba wa Matendo ya Mitume, Stefano na wenzake, walichaguliwa kwa sababu ya malalamiko juu ya chakula cha wajane.

Sasa tuje kwenye mambo ya kutenda, maana nimesema sana.

Kabla ya kukubali cheo chochote, mwulize mwenzako. Usimwarifu, mwulize, naye awe huru kusema "si mwaka huu." Mtoto akiwa mchanga, mzazi akiwa mgonjwa, au kazi ikiwa imepotea, huo ni wakati wa kupunguza, na Baba Paroko mwenye busara ataelewa. Mtakatifu Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyejua kuitunza nyumba yake hawezi kulitunza Kanisa la Mungu. Yeye alikuwa akiwasema viongozi, lakini mwenyekiti wa jumuiya na mweka hazina wanaweza kulisikiliza pia.

Fedha nazo zisemwe wazi. Mchango wa harambee unaotolewa kwa siri kutoka katika kodi ya nyumba huzaa ugomvi kuliko baraka. Kubalianeni kiasi, kiwe kidogo, kitolewe kwa jina la wote wawili.

Anayebaki nyumbani na watoto jioni ya kwaya naye anahudumu. Mwambie hivyo. Ukirudi, mweleze mliyoimba, na uulize watoto walilalaje. Ni dakika tano tu, lakini wengi wetu tunaingia tukiwa na habari za kanisani mdomoni na hatuna sikio la habari za nyumbani.

Wewe ambaye mwenzako si Mkatoliki, au amekwisha kuacha kusali, mzigo wako ni mzito zaidi. Usimfanyie Kanisa kuwa mpinzani wake. Chagua huduma moja, uifanye vizuri, urudi saa uliyosema. Saa ile unayoitimiza itamhubiria kuliko vitabu.

Bado kuna jambo moja ambalo silipendi kulisema lakini lazima nilisema. Wapo wanaokimbilia kanisani kila siku kwa sababu nyumbani hakukaliki. Kama kinachokukimbiza ni ubaridi na maneno makali, ongezeni mazungumzo, mkiwa na mshauri mnayemwamini nyote wawili. Lakini kama ni kipigo, jambo hilo si la ratiba ya kwaya, na asikuambie mtu kwamba ni msalaba wako uubebe kimya. Mwone Padre au mzee mwenye hekima, ukimbilie mahali salama pamoja na watoto, na ujue kwamba Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, ambayo kwayo mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Viongozi wa jumuiya wakijua habari kama hizi wasizifanye mada ya maongezi baada ya Rozari. Huduma yao hapo ni kufunga mdomo na kufungua mlango.

Juma hili, usiku mmoja watoto wakiisha kulala, kaeni wawili. Zimeni simu. Kila mmoja amwulize mwenzake: Ni huduma gani yangu kanisani inayokufurahisha, na ni ipi inayokuumiza? Ni kazi gani humu ndani unayoifanya peke yako ambayo ungetamani nikusaidie? Ni nani katika ploti hii au jirani ambaye tungeweza kumtembelea pamoja kabla ya Jumapili? Anayeulizwa ajibu mpaka mwisho, na anayeuliza asijitetee usiku huo.