Mchicha wa Dumila na kipimo cha foleti

Ukitoka Dodoma kwa basi kuja Morogoro, Dumila hupiti hivihivi: dirishani unaletewa nyanya, vitunguu na mafungu ya mboga. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili amekulia huko. Muhula uliopita alianza kuchoka, ghorofa moja tu anahema, ulimi mwekundu unawaka. Hosteli nzima ikawa madaktari: kula mchicha, meza foliki. Akameza wiki nzima, ndipo akaenda kupima. Majibu: foleti inatosha. Akarudi anacheka. Mimi nikamwomba ile karatasi.

Foleti ni vitamini B9. Asidi ya foliki ya kwenye vidonge ni ile ya kiwandani. Mwili huitumia kutengeneza DNA. Ikipungua, uboho unashindwa kugawa seli kwa wakati, na seli nyekundu zinatoka chache, tena kubwa kupita kiasi. Hilo huanza kuonekana kwenye picha kamili ya damu. Ukubwa wa kawaida ni kama femtolita 80 hadi 100. Ya kwake: 114! Sasa hapo huwezi kusema "niko fiti".

Kumbe alichopimiwa ni foleti ya seramu, nayo hufuata ulichokula au kumeza siku chache zilizopita. Vidonge vya wiki moja vinatosha kuipandisha. Foleti iliyomo ndani ya seli nyekundu ndiyo yenye kumbukumbu ndefu, maana seli hizo huishi kama siku 120. Hata uchukuaji wa damu una mambo yake: seli zikipasuka kwenye sampuli, foleti ya ndani inamwagika na namba inapanda kwa uongo, sampuli ikikaa kwenye mwanga mkali, inashuka.

Lakini swali kubwa halikuwa foleti. Upungufu wa vitamini B12 nao hukuza seli nyekundu vilevile, na kwa karatasi ya picha ya damu peke yake huwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana hivi viwili hupimwa pamoja. Ukimpa foliki mtu aliyepungukiwa B12, damu yaweza kupanda vizuri tu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Nikamuuliza kuhusu miguu. Akasema vidole vina ganzi tangu mwaka wa kwanza, hakuna aliyemuuliza. Na chakula? Tangu bweni la sekondari ni ugali, maharage na mchicha. Nyama, dagaa, maziwa na mayai hagusi. Maharage na mchicha vina foleti ya kutosha, ila B12 hamna. Yaani ushauri wetu wote ulikuwa kumwongezea alichokuwa nacho.

Alirudi kupima B12, ikakutwa chini sana. Sasa anachomwa sindano. Ngazi anapanda bila kuhema. Ganzi bado ipo, na daktari amemwambia inaweza kuchukua miezi.