Piano ya kutuliza moyo: anza na Emahoy

Wasomaji wa Goma wameuliza, mwalimu wa piano anajibu.

Mwalimu, muziki wa klasiki siujui kabisa. Nataka kipande kimoja tu cha kusikiliza jioni.

Wengi watakupeleka kwa Wajerumani. Mimi nakupeleka Ethiopia. Tafuta “The Homeless Wanderer” ya Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Kiorthodoksi aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1923 na kufariki Jerusalem mwaka 2023. Ni piano tupu, dakika kama 7, na kimo katika juzuu ya 21 ya mfululizo wa Éthiopiques, iliyotoka 2006.

Mtu asiye na makao! Hapa tumekimbia vya kutosha. Si kitatuzidishia huzuni?

Ndiyo sababu nakichagua. Ule muziki unaouzwa kuwa ni wa kupumzisha, wenye ndege na maji ya kijito, hujifanya hakuna kilichotokea. Aliyekimbia mji wa Sake na godoro kichwani hadanganyiki hivyo. Emahoy naye aliyaonja mateso ya kuondolewa kwao: mwaka 1937 Waitalia walimkamata pamoja na familia yake wakawapeleka kisiwa cha Asinara. Baadaye alisoma muziki Cairo, kisha akaingia utawani, akaishi miaka mingi miguu mitupu.

Sikiliza mkono wa kulia: unapanda haraka, unasita, unarudi ulikotoka kama mtu aliyekumbuka kitu njiani. Hakuna mdundo wa kukusukuma. Huzuni imo, lakini hailii kwa sauti, nawe hulazimishwi kuchangamka.

Na Beethoven? Ile sonata ya mbalamwezi?

Sehemu ya kwanza, sawa. Ila usiiache simu iendelee yenyewe: sehemu ya tatu ni dhoruba, itakutoa kitandani.

Sisi ni watu wa kwaya. Pasipo maneno, nifuate nini?

Fuata mkono wa kushoto. Jizoeze na “Gymnopédie” namba 1 ya Mfaransa Erik Satie, ya mwaka 1888, dakika 3 hivi. Kushoto utasikia noti moja nzito chini, halafu akodi laini juu yake. Noti, akodi, noti, akodi, karibu mpaka mwisho. Ukishaishika hiyo, wimbo wa mkono wa kulia utakujia wenyewe. Kisha rudi kwa Emahoy. Pakua vyote viwili mapema, umeme na mtandao vikiwapo.

Binti yangu anapiga kinanda cha umeme kanisani. Ataviweza?

Cha Satie ndiyo, akiwa na subira, lakini kwanza mtafutie pedali. Bila pedali, mkono wa kushoto ukiruka kwenda kwenye akodi, ile noti ya chini inakatika, na utulivu wote unapotea. Emahoy ni mgumu zaidi: vidole vyaweza kuzipata noti upesi, ila kuhusu kusita kwake, binti yako lazima amsikilize sana kabla hajagusa kinanda.