Vumbi Likitanda Ghuba: Linda Kifua na Mfuko

Mei 2022 Iraq ilipigwa na dhoruba za vumbi mfululizo. Katika mojawapo, zaidi ya watu 5,000 walikimbizwa hospitalini wakihangaika kupumua. Benki ya Dunia imekadiria kuwa vumbi huzitia Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini hasara ya takriban dola bilioni 13 kila mwaka. Ndugu yangu uliyeko Ghuba, uwe mlinzi, fundi, dereva au dada wa kazi, hasara hiyo inakugusa: siku bila ujira, dawa za kununua, kifua kinachokoroma.

1. Tazama utabiri usiku. Upepo wa shamali huvuma kutoka kaskazini-magharibi, hasa Juni na Julai, ukisukuma vumbi la Iraq hadi Kuwait na kwingineko.

2. Mtandio hautoshi. Unazuia mchanga tu. Chembe mbaya zaidi ni zile zisizofika mikromita 2.5, ambazo unywele mmoja unazizidi unene zaidi ya mara 20. Hizo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu, ndiyo maana hata mgonjwa wa moyo huzidiwa. Vaa barakoa ya N95 au FFP2, ibane vizuri puani na kidevuni. Ukipangiwa kazi ya nje, mwombe mwajiri akupe. Ni haki kabisa alipie yeye: kazi ni yake, mapafu ni yako.

3. Una pumu? Inhela ikae mfukoni, si kwenye begi kule chumbani.

4. Usifagie! Dada, hili ni lako hasa. Ufagio mkavu hurusha upya vumbi lililokwisha kutua, nawe ndiye wa kwanza kulivuta. Funga madirisha, ziba chini ya mlango kwa taulo bichi, subiri litulie, kisha pangusa kwa kitambaa kibichi ukiwa na barakoa. Osha pia chujio la AC.

5. Dereva, ukiona ukuta wa vumbi mbele, usishindane nao. Toka kabisa barabarani, usimame.

6. Unarudi nyumbani? Uliza shirika la ndege kabla ya kulipa teksi. Mei hiyohiyo ya 2022 uwanja wa ndege wa Kuwait nao ulisimamisha safari kwa sababu ya vumbi.

7. Kifua kikibana na inhela isisaidie, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usingoje ruhusa ya mtu.