Malezi: Kilichomo Mikononi mwa Mzazi

Mtoto anapofeli mtihani au anapopotoka, wa kwanza kulaumiwa ni mzazi, hasa mama. Lawama hiyo ni nzito kuliko ushahidi unaoibeba. Mwaka 2015 watafiti walikusanya pamoja tafiti za mapacha za miaka 50, zenye jozi zaidi ya milioni 14. Kwa wastani, takribani nusu ya tofauti baina ya watu, za mwili na za tabia, ilihusishwa na urithi wa damu. Nusu iliyobaki nayo si ya wazazi peke yao: humo mna walimu, marafiki, maradhi na bahati. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja huweza kuhitilafiana kama usiku na mchana.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanywa katika nchi tajiri. Palipo na upungufu, mkono wa mlezi huonekana zaidi. Huko Kingston, Jamaika, mnamo 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa waliandikishwa katika utafiti. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki, kwa muda wa saa moja hivi, na wahudumu wa afya ya jamii waliowafundisha akina mama kuzungumza na kucheza na watoto wao, tena kwa vinyago vya kujitengenezea. Kazi hiyo iliendelea miaka 2. Baada ya miaka 20, waliotembelewa walikuwa na kipato kilichowazidi wenzao kwa asilimia 25. Hapakuwa na fimbo wala ada ya shule ya gharama.

Na furaha ya mzazi mwenyewe? Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wa wanawake 909 wafanyakazi wa Texas, Marekani, uliiweka kazi ya kutunza watoto chini ya kupika na kutazama televisheni kwa kiwango cha raha. Uchovu huo si ukosefu wa upendo. Ni mzigo unaobebwa na mtu mmjoa pale baba, bibi na shangazi wanapokaa kando.

Kwa Tanzania, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021. Mzazi aliyeelemewa amwone Afisa Ustawi wa Jamii, au aulize kuhusu uchangamshi wa mtoto siku ya kliniki, baba akiwapo.