Jina Lako Lisiposomwa

Andiko: Yohana 13:1-17



Nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kongamano kanisani, nami nikapewa kazi ya viti. Ijumaa jioni niliviteremsha kutoka kwenye pikapu, Jumamosi nikavipanga, Jumapili watu walipoenda nyumbani nikabaki kuvihesabu. Jumatatu ujumbe wa shukrani ukatumwa kwa grupu ya WhatsApp: waimbaji, wapishi, waliochanga, hata aliyeleta spika. Nilisoma orodha juu hadi chini, nikarudia. Jina langu halikuwemo.

Nikasema moyoni, "Sawa. Mwaka ujao watafute mtu mwingine." Wiki nzima nilikuwa nafungua ile grupu nione kama kuna atakayesema, "Jamani, tumemsahau fulani." Hakuna aliyesema.

Sasa tuingie kwenye andiko. Luka 22:24 inatuonyesha kwamba usiku wa karamu ya mwisho wanafunzi walibishana ni nani mkubwa kati yao. Kuosha wageni miguu ilikuwa kazi ya mtumishi, na hakuna mmoja wao aliyeinuka. Nani akubali kuonekana mdogo? Aliyeinuka ni Mwalimu mwenyewe.

Lakini angalia mstari wa 3, ule tunaoupita haraka. Kabla Yohana hajataja maji wala taulo, anatuambia Yesu alijua kwamba Baba amempa vitu vyote, na kwamba ametoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu. Ndipo akainuka. Alijua kwanza yeye ni nani, kisha akashika taulo. Wengi wetu tunaanza upande ule mwingine: tunashika taulo tukitumaini watu watatuambia sisi ni nani. Wakinyamaza, tunaumia.

Na Yuda alikuwa bado mezani! Yesu alijua mpango wake, na akamwosha miguu. Kama angekuwa anangoja shukrani, miguu ile angeiruka.

Siku hizi mtihani huu umekuwa mgumu zaidi. Tunapeleka unga kwa mjane, tunapiga picha, tunaweka stetasi, halafu tunahesabu ni wangapi wameiona. Simu imetuzoesha kufikiri kwamba jambo lisiloonekana halikufanyika. Je, yule dada anayemwosha mamake mgonjwa kila asubuhi kabla ya kukimbilia matatu? Hana cha kuweka stetasi. Mathayo 6:4 inasema Baba huona sirini. Huyo dada anaonekana.

Viongozi nasi tusijifiche nyuma ya somo hili. Katika Warumi 16, Paulo anataja kwa majina watu zaidi ya 20. Kushukuru ni wajibu wetu, na tukisahau mtu, tuombe msamaha. Ila wewe unayetumika, usiweke thamani yako mikononi mwa mwandishi wa orodha. Yeye ni binadamu, anasahau.

Mwaka uliofuata nilibeba viti tena. Mara hii jina langu lilikuwemo, tena limeandikwa vibaya. Nilicheka, nikaendelea kuvihesabu.

Fanya hivi wiki hii:

1. Tumika mahali pamoja bila kumwambia mtu yeyote. Usipige picha.
2. Mtafute mhudumu mmoja ambaye hatajwi, yule anayepiga deki au kufungua mlango asubuhi, umshukuru uso kwa uso.
3. Jiulize: kama hakuna atakayejua kamwe, bado nitaifanya kazi hii?

Tuombe: Baba, nikumbushe mimi ni wako kabla sijashika kazi yoyote. Uniponye na kiu ya kusifiwa. Nipe mikono ya kuosha hata miguu ya asiyenishukuru. Kwa jina la Yesu, amina.

Jumapili njema, na Mungu akubariki.